Ngozi Iliyorudi Mugeta

Dada yangu alikuja kwangu Kigera asubuhi ya Jumapili, siku ambayo yeye hakosi kanisani, akiwa na kiroba begani. Kabla sijamwamkia alikishusha barazani, akakifungua, akatoa ngozi ya ng'ombe iliyokunjwa. Nilijua hapo hapo. Kwetu Mara, ukiweka ng'ombe wako kwa mtu akutunzie na ng'ombe akafa, mtunzaji haji na maneno matupu. Anakuja na ngozi. Maneno kila mtu anayo, ngozi ni moja tu kwa kila ng'ombe.

Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti iliyokauka. Akasema ilikuwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, kwamba bwana mifugo aliitwa akachelewa, kwamba nyama ilibidi waizike, na kwamba kichwa walikifukua mbwa wakakimaliza. Ndiyo maana ngozi ilikuja bila masikio, ambako ng'ombe wa ukoo wetu hutiwa alama. Sikuuliza swali hata moja. Utamuulizaje maswali mtu anayelia? Nilimkalisha, nikampikia chai, nikambembeleza kana kwamba yeye ndiye aliyefiwa. Binti yangu, wakati huo akiwa na miaka saba, alikuja akaigusa ngozi kwa kidole, akaanza kulia na yeye, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi ndama.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa mmoja. Walimu wenzangu waliotoka mikoa mingine walishindwa kuelewa kwa nini mtu mzima anakuja kazini macho yamevimba kwa ajili ya ng'ombe mmoja wa kienyeji. Ningewaeleza nini? Baba alipougua ugonjwa wake wa mwisho, nilikuwa naenda Butiama kila likizo na karibu kila Jumamosi. Kipindi hicho ng'ombe wake mmoja alizaa akakosa maziwa, na mimi ndiye niliyemnywesha yule ndama kwa chupa ya soda yenye chuchu ya mpira. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa. Baba alikuwa anatutazama akiwa kwenye kiti chake cha kukunja, hana nguvu hata ya kufukuza nzi, na siku moja akasema mbele ya watu kwamba huyo ni wangu. Baada ya mazishi wazee walipogawa mifugo, hakuna aliyebisha. Katika vyote alivyoacha baba, nilichopata mimi ni huyo ndama, na nilitosheka.

Alipokuwa bado mdogo alipata choa. Mabaka ya mviringo yalimtoka kuzunguka macho na shingoni, ya kijivu, yamekauka kama uji ulioganda pembeni mwa sufuria. Yalimwasha, na akiniona alikuja kuniegemea nimkune. Nilimkuna. Mimi mwalimu wa baiolojia, ninayewaambia wanafunzi wanawe mikono, nilimkuna kwa mikono mitupu kwa sababu alivyokuwa anafumba macho ilinifurahisha. Haikupita muda mkono wangu wa kulia ukaota duara, likavimba, likatoa usaha, nikalala na homa. Mpaka leo alama ipo chini kidogo ya kiwiko. Dada alipokuja kumwona baba alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema ng'ombe amenipiga chapa, kwa hiyo mali ni mimi na mwenye mali ni yeye.

Bwana mifugo wa pale alikuja siku nyingine, dada akiwa amesharudi kwake. Alimpaka ndama dawa, akaniambia nisihangaike. Akishapona, alisema, huu ugonjwa haumrudii, mwili wake unakuwa umeshaujua. Nilisikia, nikaridhika, nikasahau.

Dada ameolewa Mugeta, upande wa Bunda, kwa watu wa pamba na ng'ombe. Mimi Kigera ninaishi kwenye kiwanja ambacho kuku wakivuka tu ukuta ni ugomvi na majirani. Kwa hiyo ndama alipokua aliswagwa mpaka Mugeta, akaunganishwa na ng'ombe wa shemeji. Mpango ulikuwa ule wa siku zote: mtunzaji anakunywa maziwa, anatumia samadi, ndama wanaozaliwa ni wa mwenye ng'ombe. Lakini nilikuwa nimesema tangu mwanzo kwamba ndama wa kwanza ni wa dada. Wa pili ndiye angekuwa wa binti yangu. Na nilikuwa natafuta kiwanja Buhare, pembeni kabisa mwa mji, ambako siku moja ningemleta ng'ombe wangu na kuamka nikisikia anavyocheua.

Kwa nini nilimweka kwake? Swali hilo mtu wa kwetu haulizi. Mama yetu alifariki nikiwa sijaanza shule, na dada ndiye aliyenibeba mgongoni. Alikuwa msichana mkubwa lakini si mkubwa kiasi hicho. Nilikuwa na mapunye kichwani, na yeye alikuwa nayo pia, na nadhani niliyapata kwake kwa sababu tulikuwa tunalala kwenye mkeka mmoja na kujifunga kitambaa kimoja. Kila Jumamosi alinikalisha katikati ya magoti yake, akaninyoa kwa wembe, akanisugua kwa sabuni ya kufulia na majani aliyoyatwanga, huku akinitania kwamba kichwa changu ni ramani ya visiwa vya ziwani. Mapunye yale hayakuuma hata siku moja. Yalikaa nasi miaka, yakawa kama sehemu ya nyumba.

Ngozi ile sikuweza kuiuza wala kuitupa. Niliitandika kwenye chumba cha mbele, karibu na dirisha. Niliyaona maeneo machache shingoni yasiyo na manyoya, nikadhani yaling'oka wakati wa kuwamba. Binti yangu aliifanya mahali pake. Alikuwa analala kifudifudi juu yake akiandika kazi za shule, na akichoka analaza kichwa hapo hapo, upande wa shingo, ambako manyoya yalikuwa laini. Nilimwacha. Nilifikiri ni namna yake ya kuomboleza ndama wake, na moyoni nilimwonea wivu kwa sababu mimi nilikuwa naona aibu kulala pale.

Kisha kichwa chake kikavimba. Ilianza kama kipele nyuma ya sikio, ikawa uvimbe laini kama embe lililoiva sana, unatoa usaha kwenye vitundu vingi, na nywele zinatoka ukizigusa tu. Alikuwa na homa, halali, hataki mtu amkaribie. Majirani walisema jipu. Mama mmoja alisema ni jicho la mtu, kwa sababu mtoto ana nywele nzuri. Zahanati walitupa dawa za kuua bakteria, akamaliza, uvimbe ukazidi kupanuka. Nilikuwa namshika usiku na mchana na kujiuliza nimekosea wapi.

Hospitalini tulipopelekwa kwenye kliniki ya ngozi tulikuta daktari mwanamke, mtaratibu, wa umri wa wanafunzi wangu wa kwanza. Aling'oa nywele chache kwa kibano, akaenda nazo kwenye hadubini, akarudi akavuta kiti.

"Mwalimu, mnafuga ng'ombe?"

"Hapana. Tunaishi Kigera."

"Basi kuna kitu cha ng'ombe mnachoishi nacho," alisema. "Hawa si fangasi wetu. Fangasi wa watu hawaletagi hasira ya namna hii."

Nilielewa kabla hajamaliza, maana mada hiyo nimeifundisha mpaka naiota. Fangasi wa ngozi asili yao ni udongoni. Huko walikula vilivyoanguka: manyoya, nywele, vipande vya kwato na kucha, ile protini ngumu ambayo viumbe wengi hawaiwezi. Baadhi yao, kwa muda mrefu mno, wakaacha kusubiri vianguke, wakapanda juu ya wanyama wenyewe. Waliopanda kwa ng'ombe, kizazi baada ya kizazi, walichujwa na ngozi ya ng'ombe: waliofaa joto lake na mafuta yake waliendelea, wengine waliisha. Leo huyu wa ng'ombe ukimwotesha maabara hakui vizuri mpaka umpe vitamini ambazo ndugu zake wa udongoni wanajitengenezea wenyewe. Amekaa kwa mwenyeji wake muda mrefu kiasi kwamba amesahau kujipikia.

Wengine walikuja kwetu. Hao ndio wa mapunye ya utotoni mwangu. Miongoni mwao, waliouchokoza mwili wa mtu walifukuzwa, kwa sababu mwili uliwaka moto, ukavimba, ukawatema. Waliobaki ni wale waliokula polepole bila kelele, wakazaana, wakarithisha upole wao. Si kwamba walipanga. Hakuna fangasi anayepanga kitu. Ni kwamba wenye kelele hawakudumu. Kwa hiyo fangasi wa ng'ombe akiangukia kichwa cha mtoto hajui adabu za nyumba hiyo, na mwili unamshtukia kama mwizi aliyepiga teke sufuria. Yule wa kwetu unaweza kuishi naye mpaka unazeeka, anakula tu, wewe umelala. Kwa miaka mingi nilikuwa nawaambia wanafunzi hayo huku nikiandika ubaoni, nikidhani nafundisha habari za fangasi.

Nilimweleza daktari kuhusu ngozi. Alisema vimelea vinaweza kukaa kwenye ngozi kavu kwa miaka, vikisubiri. Akaandika vidonge vya kumeza kwa wiki nyingi, akanitaka niichome ngozi siku hiyo hiyo. Halafu akanionya kwamba pale palipooza sana huenda nywele zisiote tena.

Mchana ule niliiburuta ngozi mpaka uwani. Nilikuwa na mafuta ya taa kwenye chupa na kiberiti mfukoni. Niliikunjua ili ishike moto vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu iletwe niliitazama kwenye jua kali. Yale maeneo ya shingoni yasiyo na manyoya yalikuwa maduara. Maduara kamili, ya kijivu, yenye magamba pembezoni. Nilisimama pale na chupa mkononi. Nikakunja mkono wa blauzi nikatazama alama yangu chini ya kiwiko, nikatazama ngozi, nikatazama alama tena.

Ng'ombe wangu alikuwa ameshaugua choa. Aliugua akiwa ndama, nikamkuna, akaniambukiza, akapona. Akishapona haimrudii. Yule bwana mifugo alisema, na vitabu vyangu vinasema. Ndama ndio huupata ugonjwa huu, na wakishapona mwili wao unaukumbuka. Na maduara haya yalikuwa mabichi. Mnyama mwenye ngozi hii alikufa akiwa anaumwa choa.

Nilijitahidi sana kumtetea dada. Nataka hilo lijulikane. Nilisema labda ng'ombe wangu ni yule mmoja kati ya mia ambaye mwili wake ulisahau. Nilisema labda alidhoofika. Niliipima ngozi kwa hatua zangu, nikaona ni ndogo kwa ng'ombe wa umri ule, nikajiambia ngozi ikikauka husinyaa. Mtu anaweza kubishana na macho yake mchana kutwa ikiwa anachoogopa ni kikubwa vya kutosha. Jua lilipoanza kupoa nilikuwa nimeishiwa hoja. Sikuichoma. Niliikunja, nikaitia kwenye mifuko miwili ya mbolea, mmoja ndani ya mwingine, nikaifunga kwa kamba.

Jumamosi nilimwacha mtoto na baba yake, nikaenda Mugeta bila kupiga simu.

Nilimkuta dada uani akianika mtama. Shemeji alikuwa kwenye kivuli cha ghala akitengeneza mpini wa jembe. Dada aliponiona alifurahi kwanza, furaha ya kweli, na hiyo ndiyo ilinikata maini kuliko yote yaliyofuata. Kisha akaona mifuko. Nilimwamkia yeye, nikamwamkia shemeji, nikaiweka mifuko mlangoni.

"Ni nini hicho?"

"Ni ngozi. Nimeirudisha."

Shemeji aliweka panga chini. Hakuna mtu wa Mara asiyejua maana ya jambo lile. Ngozi inatoka kwa mtunzaji kwenda kwa mwenye ng'ombe, na safari yake inaishia hapo. Kuirudisha ni kumwambia mtu, mbele ya mlango wake, kwamba amekudanganya.

"Ngozi hairudishwagi, mdogo wangu," dada alisema taratibu.

"Ya ng'ombe wangu hairudishwi. Hii si yake."

Akacheka. Kicheko kile kile cha Butiama, ila kifupi. Akaniuliza nimeingiwa na nini, mabaka siyaoni? Si ndiyo yale ya tangu utoto wake, yaliyonipiga chapa mkononi? Alisogea akataka kufungua mfuko anionyeshe. Nikamzuia. Nikamweleza, kwa sauti ya darasani kwa sababu sikuwa na nyingine, kwamba choa ya ng'ombe hairudi. Inakaa miezi, inaisha, manyoya yanaota juu yake, na mwili haukubali tena. Ng'ombe wangu hakuwa na baka hata moja tangu kabla hajafika Mugeta. Aliyekuwa na mabaka ni mwingine, mdogo kuliko yeye, na alikufa nayo.

Dada alisimama na mikono yenye vumbi la mtama. Nilimwona akielewa. Shemeji alinyanyuka, akasema anaenda kutazama ng'ombe, akaondoka bila kuangalia nyuma.

"Nilidhani ukiyaona mabaka utajua ni yeye," dada alisema.

Hiyo ndiyo sentensi iliyonimaliza. Kumbe ndama wa jirani alikuwa amekufa, wa rangi ile ile ya chai ya maziwa, na ana mabaka shingoni. Dada aliyaona akamkumbuka baba kwenye kiti chake, akanikumbuka mimi na mkono wangu uliovimba, akakumbuka tulivyocheka. Akaichukua kumbukumbu hiyo, ambayo nilidhani ni yetu wawili, akaifanya muhuri wa uongo wake. Ngozi isiyo na mabaka asingeileta. Aliichagua hii kwa sababu alijua ninachokipenda. Ningeweza kusamehe mtu aliyenidanganya kwa haraka. Huyu alinidanganya kwa uangalifu, kwa kunijua.

Nikamuuliza yuko wapi.

Yuko Butiama, kwa wakwe wa mwanawe. Mtoto wake wa kwanza alikuwa anaoa, ng'ombe wa mahari walipungua, wakwe wakakataa kungoja mavuno ya pamba. Wangu aliingizwa kwenye kundi la mahari, wanaume wakawaswaga alfajiri kama desturi, sisi wanawake tukafuata siku ya harusi. Niliikumbuka harusi ile vizuri. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nilipouliza ng'ombe wangu anaendeleaje, dada aliniambia ng'ombe wamepelekwa malisho ya mbali, akanijazia sahani.

"Kwa nini hukuniomba?"

"Nikuombe?" Alinitazama kama niliyesema neno baya. "Mimi nilikuwaga nakunyoa hicho kichwa. Nilikubeba mpaka mgongo ukapinda. Nikuombe wewe?"

Ningempa. Mungu anajua ningempa, ningelalamika kidogo na ningempa. Lakini kuomba kungemfanya yeye awe mdogo na mimi niwe mkubwa, na hilo lilimshinda kuliko kuiba. Alikuwa amekula kwangu na mimi kwake miaka yote, kiasi kwamba hakuona mpaka uko wapi. Labda kweli hakuuona. Nimejaribu kumwazia hivyo, na kuna siku ninaweza.

Kisha nikamwambia habari za mtoto. Hakuwa anajua. Nilikuwa nimemficha, kwa sababu tulivyolelewa mgonjwa anatangazwa akipona. Nikamwambia ngozi aliyoileta imemvimbisha kichwa, na kwamba pale palipooza nywele huenda zisiote tena. Dada alikaa chini juu ya mtama wake. Hakulia. Siku aliyoleta ngozi alilia sana, leo alikaa tu na kushika kichwa chake mwenyewe, juu ya kilemba, mahali palepale nyuma ya sikio, ingawa sikuwa nimemwambia ni wapi.

Tuliichoma ngozi nyuma ya zizi. Ilinuka kama ngozi yoyote inavyonuka.

Niliporudi nilipitia Butiama. Sikuwa na la kufanya kule, lakini miguu ilinipeleka. Nyumba ya wakwe iko kando ya barabara, na ng'ombe walikuwa wamefungwa karibu na uzio. Nilimtambua kabla sijafika. Amenenepa. Sikio lake lina alama ya ukoo wetu, haijaguswa. Alikuwa na ndama ubavuni, na ndama ana miwani ya kijivu kuzunguka macho, choa ile ile ya mama yake. Bibi harusi wa mwaka ule, aliyekuwa amekuja kwao kusalimia, alitoka na ndoo, akanitambua, akapiga goti kunisalimia. Akaniuliza kama nimekuja kuwaona wazazi wake. Ningesemaje? Nimekuja kudai ng'ombe wa mahari yako? Huyu binti hakunikosea chochote. Nikimtoa ng'ombe mmoja kwenye mahari yake ninamwachia maisha yake yote jina la mke wa ng'ombe wa wizi. Nikamwambia nilikuwa napita. Nikamwambia yule ndama asimkune kwa mikono mitupu, na kwamba akipona haitamrudia. Ng'ombe wangu alinitazama akiwa anacheua, hakuja kuniegemea.

Mtoto alipona pole pole. Homa ilikwisha, uvimbe ukanywea, nywele zikarudi kichwa kizima isipokuwa pale nyuma ya sikio, ambapo pamebaki laini na pang'avu, upana wa kizibo cha soda.

Dada alikaa bila kuja muda mrefu. Alikuja likizo ya mwisho wa mwaka, na karanga na kuku wawili, akaitikia shikamoo yangu akiwa anatazama sakafu. Tulikula. Tuliongea habari za mvua. Baadaye alimwita binti yangu, akamkalisha chini katikati ya magoti yake kama alivyonikalisha mimi, akachukua kitana na mafuta, akaanza kumsuka kwa ajili ya Krismasi. Nilikaa upande wa pili nikichambua mchele. Vidole vyake havijazeeka. Alisuka mistari iliyonyooka, akafika nyuma ya sikio, akasita.

"Hapa hapashiki?"

"Hapashiki."

Akavuta nywele za pembeni, akazipitisha juu, akapafunika vizuri kiasi kwamba mtu asiyejua hawezi kuona. Kwa muda ule, nikitazama ile mikono, nilikuwa tayari kusahau kila kitu. Nasema ukweli. Ng'ombe mwili wake unakumbuka, anaugua mara moja imetosha. Wale fangasi wetu sisi hatuna kinga nao. Unapona, unafunga kitambaa kile kile, unaugua tena.

Dada akasema, bila kuinua uso, kwamba shemeji ana mtamba mzuri, mweusi, na wamekubaliana ni wangu. Wa badala. Akasema nisiwe na wasiwasi wa pa kumweka. "Atakaaga kwangu tu na wenzake mpaka azae. Nitakutunzia."

Nilimwaga mchele uliosafishwa kwenye sufuria.

"Asante, dada," nilisema. "Mlete hapa."

"Hapa Kigera? Utamfunga wapi?"

"Hapo uwani. Mpaka nipate Buhare."

Mikono yake ilisimama kwenye nywele. Kwetu hakuna anayehitaji kufafanuliwa maana ya kukataa kutunziwa ng'ombe. Kisha akaendelea kusuka, akaukaza mstari mmoja kuliko mingine.

"Mama mkubwa, unaniumiza," mwanangu alisema.

Akalegeza. Akasuka mpaka akamaliza kichwa, na mimi nikawasha jiko.